Vidonge vya Sisemi na Sahani Tatu za Mzee Ndahani

Kabla hujampa mbwa kidonge, mtafute anayeosha vyombo pale nyumbani. Ndiyo, anayeosha vyombo. Najua chuoni hamkufundishwa hivyo. Chuoni mlifundishwa kupima joto, kusikiliza moyo na kuchukua damu, na siku hizi naona mnakipiga picha kidonda kwa simu na kukituma Dodoma kabla hamjakinusa. Sikatai, dunia inakwenda. Lakini ninyi mnaokuja hapa kwangu Mwankoko, mnakunywa chai yangu, halafu mnaniambia, "Mama, tupe siri ya kazi," basi siri ndiyo hiyo. Mkiicheka, shauri yenu.

Mimi nilikuwa bwana mifugo huku nimevaa kitenge. Hivyo ndivyo walivyoniita, kuanzia Itigi mpaka Kintinku: "Bwana Mifugo amefika, mleteeni kiti." Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nilikaa kwenye kiti.

Siri yenyewe nilipewa na mzee Kingu, aliyenifundisha kazi pale Itigi nilipokuwa bado naogopa pembe. Kulikuwa na ng'ombe wa mtu mmoja aliyekuwa anapepesuka kila Jumatatu. Jumanne mzima, Jumamosi mzima, Jumatatu anatembea upande upande na kugonga ukuta. Mimi nikafungua daftari langu la chuo nikasema ni kupe, ugonjwa umepanda kichwani. Tukachoma sindano. Jumatatu iliyofuata, ng'ombe yuleyule, ukuta uleule. Mwenye ng'ombe anaapa kwamba anakula majani tu. Kingu akazunguka uani, akamkuta mama mmoja anasugua mapipa. Akamuuliza, "Mama, haya machicha ya pombe ya Jumapili mnayamwaga wapi?" Yule mama akaonyesha kwa mdomo. Ng'ombe alikuwa palepale, amesimama anasubiri.

Njiani Kingu akaniambia, "Mwenye mnyama atakwambia anachotaka mnyama ale. Anayeosha vyombo atakwambia anachokula." Nikaandika maneno hayo kwenye daftari. Kuandika niliandika. Kuyafuata ndiyo hadithi ya leo.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa Manyoni, na Kintinku ilikuwa eneo langu. Pale Kintinku alikuwapo Mgogo mmoja, Mzee Ndahani, mwenye ng'ombe, mbuzi, wake watatu na mbwa mmoja. Mbwa aliitwa Sisemi. Mnajua watu wetu wanavyowapa mbwa majina ya kuwapelekea ujumbe majirani. Nilidhani na hili ni la jirani.

Mzee alinipigia simu akasema, "Binti yangu, mbwa amekuwa mzee kabla yangu. Njoo."

Nikaenda. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbukwenyi," akaniamkia na kwa Kigogo. "Mtazame mwenyewe, mimi sina maneno."

Sisemi alikuwa amelala karibu na mafiga yenye moto, saa saba mchana, kwenye joto la Kintinku ambalo hata kuku hutafuta kivuli. Anatetemeka kwa baridi! Mnene kama gunia la alizeti. Mkia umenyonyoka manyoya wote, umebaki kama kamba. Ngozi ya tumboni imekuwa nyeusi na nene. Na uso, jamani, uso wake ulikuwa na huzuni ya mtu aliyefiwa mara mbili. Mbuzi mmoja alimkanyaga tumboni akipita, hakufungua hata jicho.

Hizo ni dalili za tezi ya shingo kulegea. Tezi ndiyo inayochochea moto wa mwili. Ikilegea, mwili unapoa, mafuta yanajaa, manyoya yanadondoka, na mnyama analala tu. Nilizifahamu vizuri kwa sababu nilikuwa nazishuku nyumbani kwangu mwenyewe. Tulikuwa na mbwa wetu, Polisi, ananenepa kila mwezi na sikuona sababu. Nikasema nikimaliza wa Mzee, nitampima na wangu.

Nikamuuliza Mzee, "Anakula nini huyu?"

"Kidogo tu. Makombo. Kwa mke mwenye zamu."

Nikaandika: makombo, kidogo. Hapo ndipo Kingu angenizaba kofi.

Damu niliituma Dodoma kwa daktari kijana mwenye maabara. Jibu likarudi kwamba ni kweli, tezi imelegea. Tukampima Sisemi uzito kwa mizani ya alizeti, tumemtia kwenye gunia, kichwa nje, anatutazama kama anayetusamehe. Dozi ya mbwa huenda kwa uzito, na nisikilizeni hapa: dozi hiyo ni kubwa. Mwili wa mbwa unaichoma dawa ya tezi haraka kuliko wetu, kwa hiyo kilo kwa kilo mbwa hupewa nyingi kuliko mtu. Msije mkasahau jambo hilo. Kuna watu walilisahau.

Sasa, nani ampe dawa? Wake walikuwa watatu, kila mmoja na nyumba yake na jiko lake, na mbwa hulishwa na mwenye zamu. Nikafikiri, nikimkabidhi vidonge mke mkubwa peke yake, wale wawili watasema nimewadharau. Kwa hiyo nikagawa pakiti tatu, nikawakalisha wote. Mama Mkubwa alikuwa mwembamba, maneno machache. Mama wa Kati anacheka kabla hujamaliza kusema. Mama Mdogo ndiye aliyekuwa anaosha vyombo vya mji mzima, nyumba zote tatu, lakini macho yangu yalimpita. Nikawaambia, kimoja asubuhi, kimoja jioni, saa zilezile, anayempa ni mwenye zamu tu. Pakiti hizi zitawafikisha mbali.

"Tumekuelewa, Bwana Mifugo," wakasema kwa pamoja. Wake wenza wakisema jambo kwa pamoja, vijana wangu, shtukeni.

Baada ya wiki tatu nikapita. Sisemi amesimama! Anatembea, anabweka, mkia una manyoya kama ya kifaranga. Ameshamfukuza hata fisi, wakaniambia. Wanawake walikuwa wamesimama kwenye milango yao mitatu wanamtazama mbwa, kisha wanamtazama Mzee, ambaye alikuwa amejiinamia karibu na yale mafiga, blanketi mabegani, anasinzia saa saba mchana. Mnene. Anasikia baridi. Hata uso ulikuwa uleule.

Niliona wanavyotazama. Nikadhani ni furaha.

Niwaeleze na desturi ya pale, maana bila hiyo hamtaelewa. Hata kama si zamu yako, mchana unapika na unapeleka sahani kwa mume. Kwa hiyo Mzee Ndahani kila mchana alikuwa anapokea ugali wa uwele mara tatu na mlenda mara tatu. Asipogusa wa mmoja, huyo mmoja atakaa na donge moyoni mpaka masika. Mzee alikula peke yake nyuma ya zizi, amegeuzia nyumba mgongo, na sahani zote tatu zilirudi tupu. Wake zake walikuwa wanajisifu kisimani kwa ajili ya sahani zile. Na mimi niliwaelewa, kwa sababu mume wangu naye, mtu wa reli, mnayemwona pale kibarazani anajifanya anasikiliza redio, tangu tuoane hajawahi kurudisha sahani yangu na hata punje. Hilo nilijivunia kuliko vyeti vyangu vyote.

Basi, mwezi ukapita. Siku moja Mama Mkubwa akaja ofisini Manyoni kwa basi. Anataka vidonge vingine. Nikashangaa, mbona mapema? Akasema, "Panya." Kesho yake Mama wa Kati akaja, anacheka. Vidonge vimetumbukia kisimani. Keshokutwa Mama Mdogo. Vyake vimeliwa na kuku.

"Kuku gani?"

"Yule mweupe."

"Yuko wapi?"

"Tulimla."

Sikuwapa hata kimoja. Nikachukua pikipiki siku ileile, maana mwenyekiti wa kijiji naye alikuwa amenipigia simu. Alisema mbwa wa Mzee Ndahani ana kichaa, na kesho mgambo anakuja na bunduki.

Nilichokikuta Kintinku sijakiona tena. Sisemi alikuwa amekonda mpaka mbavu zinahesabika, ulimi nje, anahema kama ametoka Dodoma kwa miguu. Alikuwa anawatoa mbuzi zizini, anawapeleka malishoni, kabla hawajang'ata jani anawarudisha, anawatoa tena. Mbuzi walikuwa wamechoka hata kulia. Alikunywa ndoo nzima ya maji mbele yangu, akakojolea nguzo, akakojolea pikipiki yangu, akarudi kunywa. Jumapili, wakaniambia, aliingia kanisani wakati wa mahubiri akawaswaga waumini wote mpaka uwanjani, na akamrudia mchungaji peke yake kwa sababu alibaki nyuma. Hakumng'ata mtu. Alikuwa anafanya kazi tu.

Nikamshika kwa nguvu, nikaweka vidole ndani ya paja, pale mshipa unapopiga. Jifunzeni mahali hapo, ni pazuri kuliko kubahatisha kifuani. Mapigo yalikuwa yanakimbizana. Kuhema, kiu, mkojo, kukonda huku anakula, kukosa utulivu, moyo mbio: hiyo ni dawa ya tezi iliyozidi, na imezidi sana. Chanjo ya kichaa nilimchoma mwenyewe kwa mikono hii. Watu husema mbwa wa kichaa huogopa maji, hanywi, lakini msitegemee hilo peke yake, litawaponza. Dawa ya mashaka ni kumfungia siku kumi na kumtazama.

Mwenyekiti akakataa. "Siku kumi? Banda amelivunja mara mbili, Bwana Mifugo. Kuna watoto hapa. Mkutano ni kesho saa nne. Uje na sababu inayoeleweka, la sivyo anapigwa risasi."

Mzee Ndahani alikuwa amekaa pembeni. Mwenyekiti alipoondoka niliona machozi yanamtoka. "Huyo mbwa ndiye mwenzangu," akasema. "Hao wengine ni familia."

Mchana ule nilikaa uani nikawahoji wanawake. Kila mmoja akaapa kwa Mungu kwamba mbwa alimpa kwa zamu yake tu, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Na niliwaamini, maana walikuwa wananitazama machoni. Nikakata tamaa nikamfuata Mama Mdogo aliyekuwa anaosha vyombo. Nikachukua kipande cha gunia cha kusugulia sufuria, ili tu mikono iwe na kazi. Nikaona ameziweka sahani tatu pembeni.

"Hizo huoshi?"

"Za Mzee? Hizo nasuuza tu. Mzee wetu anakula vizuri, sahani zinakuja zinang'aa."

Nikaichukua moja nikaigeuza juani. Vijana, mlenda ninaujua. Mlenda huutoi kwenye sahani kwa vidole, hata uwe na njaa ya miaka saba. Sahani ile ilikuwa safi mpaka ukingoni, na pembeni pamenata unywele mmoja mfupi wa rangi ya udongo. Kingu, popote ulipo, nisamehe.

Nikaenda nyuma ya zizi. "Mzee, sahani zako anakula Sisemi."

Akaruka. "Shh! Unataka niuawe?" Akaniambia yote kwa kunong'ona. Meno yamekwisha, tumbo limekuwa dogo, tangu mwaka jana anakunywa uji tu asubuhi kwa jirani. Ugali mara tatu hauwezi, na kumwambia mwanamke mmoja kwamba huli chake ni kumwambia hivyo mbele ya wenzake wawili. Ndiyo maana mbwa akabadilishwa jina, akaitwa Sisemi.

"Mzee, kesho sema mkutanoni."

"Itasaidia nini? Ugali hautii mtu wazimu."

Na hapo alisema kweli. Nilijua mbwa anakula sahani tatu, nilijua pakiti tatu zimekwisha, lakini katikati palikuwa na shimo, sikulijua.

Saa nne watu wakakusanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Mgambo amekuja na bunduki, amevaa koti ingawa jua linachoma. Sisemi amefungwa kamba kwenye nguzo. Mwenyekiti alipofungua mkutano, kamba ikakatika.

Sitaki kuwadanganya, nilicheka. Sisemi aliuzunguka mkutano mara moja, akaona umetawanyika, akaanza kuukusanya. Wazee mbele, kina mama kati, mgambo na bunduki yake nyuma. Anakusukuma kwa bega, ukibisha anabweka gotini. Kufumba na kufumbua kijiji kizima, na mwenyekiti na mhuri wake, tulikuwa ndani ya zizi la mnada, na Sisemi amesimama mlangoni anahema.

"Mnaona?" mwenyekiti akapiga kelele juu ya kichwa cha mtu. "Hiki si kichaa?"

"Ni dawa imezidi!" nikasema.

"Nani kamzidishia?"

Wake watatu wakasema kwa pamoja, "Si mimi!"

"Basi ni kichaa. Mgambo!"

Mgambo akajaribu kuinua bunduki, lakini tulikuwa tumebanana, akaomba nafasi. Watu wakaanza kumpisha. Sisemi alipoona kundi linatikisika akaingia kulipanga, na alipofika kwa Mzee Ndahani akasimama. Akaweka kichwa kwenye mapaja ya Mzee, anatetemeka mwili mzima, moyo ule naweza kuuona unapiga kwenye ngozi. Mzee akaweka mkono juu ya kichwa chake. Bunduki ikapata nafasi.

"Ngoja!" Mzee akasema. Sijawahi kusikia sauti yake ikipanda. "Wake zangu, mnisikie na kijiji kinisikie. Ugali wenu mimi siuli. Wa Mama Mkubwa siuli, wa Mama wa Kati siuli, wa Mama Mdogo siuli. Tangu mwaka jana, sahani zote anakula huyu. Sasa nipigeni mimi."

Nikasema moyoni, leo Mzee amekwisha.

Mama Mkubwa akashika kichwa kwa mikono miwili. "Hujala?" akauliza. "Mlenda wangu hujaula?"

"Hata tonge."

"Wala mwezi huu?"

"Wala mwezi huu."

"Ee Mungu wangu, asante!" akasema, akaanguka magoti kwenye samadi analia. Na Mama wa Kati akasema asante. Na Mama Mdogo. Kisha wakatazamana wao kwa wao, taratibu, kila mmoja anaanza kuelewa kwa nini mwenzake anashukuru.

"Na wewe?" Mama Mkubwa akamuuliza Mama wa Kati.

"Kumbe na wewe?"

Mama Mdogo akajifunika uso kwa khanga. "Mimi nilikuwa natia viwili," akasema ndani ya khanga.

Walikuwa wamemwona mbwa akiamka. Mvivu, mnene, anayeogopa baridi, vidonge vimemfanya kijana. Kila mmoja kwa siri yake akamtazama mume wake, akaona dalili zilezile, akasaga vidonge akatia kwenye mlenda. Kila mmoja alitaka Mzee aamkie kwake. Na Mzee akampa mbwa kila kitu, juu ya dozi ya mbwa mwenyewe.

Nikawaeleza palepale zizini: mbwa anavumilia dawa hiyo kwa sababu mwili wake unaichoma upesi. Mzee wa umri ule, moyo ule, vidonge vya mbwa mara tatu kila mchana kwa mwezi mzima, leo tungekuwa tumekusanyika kwa jambo jingine. Mwenyekiti akavua kofia. Mgambo akaweka bunduki chini, na Sisemi akamsukuma arudi kwenye foleni.

Mzee akawatazama wake zake. "Mlitaka kuniua?"

"Tulitaka uamke," akasema Mama Mkubwa.

"Nimeamka," akasema Mzee.

Nilisimamisha vidonge siku kadhaa, mapigo yakashuka, damu ikapimwa upya, nikaanza tena na dozi ndogo, pakiti moja tu, na nikampa jirani wa uji aitunze. Wake waliamua kupika kwa zamu chungu kimoja. Mzee akapelekwa hospitali apimwe yeye, kwa vipimo vya watu. Sisemi akaishi. Na tangu siku ile kila sahani ikiletwa, Mzee alimega tonge la kwanza akampa mbwa, waziwazi, mbele ya aliyepika. Kisha anakaa anamtazama kwa muda. Mbwa akilala, ndipo anakula.

Jioni ya siku ile ya mkutano nilifika nyumbani Manyoni nimechoka, nina furaha ya mtu aliyeokoa roho mbili. Nikapika haraka ugali na mchicha. Mume wangu akachukua sahani yake akaenda kula kibarazani, kwa sababu ndani, anasema, pana joto. Baada ya muda akairudisha, nyeupe, hata punje hakuna. Nikaipokea ili niioshe, kama ninavyoiosha tangu tuoane.

Nikaigeuza kwenye mwanga. Kisha nikatoka kibarazani nikamtazama Polisi, ambaye nilikuwa nimekwisha kumwandalia chupa ya damu ya kupeleka Dodoma. Alikuwa anajilamba.